Homa ya Papasi: Homa Inayoondoka na Kurudi

Mtu ameshikwa na homa kali Jumatatu jioni. Kichwa kinampasuka, viungo vinauma, anatetemeka, anatapika. Jumanne anapelekwa zahanati au, mara nyingi zaidi, duka la dawa, na anatoka na dawa mseto ya malaria ya kumeza siku 3. Alhamisi usiku anatokwa na jasho mpaka shuka linalowa. Ijumaa anaamka mwepesi, ingawa hana nguvu. Nyumba nzima inasema dawa imefanya kazi. Wiki inayofuata homa ile ile imerudi.

Safari hii ataambiwa malaria yake imekuwa sugu. Au kipimo cha malaria hakitaonyesha kitu, naye ataambiwa ana taifodi, au UTI. Atapewa dawa nyingine, homa itashuka baada ya siku mbili tatu, kisha baada ya wiki yuko kitandani tena. Katika vijiji vya Dodoma, Singida, Tabora, Shinyanga na upande wa Mwanza, mtu mwenye historia ya namna hii aulizwe jambo moja kabla ya kubadilishiwa dawa: mahali anapolala pana papasi?

Homa ya papasi inajulikana na inatibika kwa dawa ya bei nafuu iliyopo karibu kila duka la dawa. Watu wanaendelea kuumia kwa sababu ya mahesabu ya siku. Homa moja ya papasi huchukua siku 3 hivi, kisha hukatika yenyewe hata asipomeza chochote. Dawa mseto nayo ni ya siku 3. Kwa hiyo dawa isiyohusika kabisa na ugonjwa huu huonekana imeponya, na dawa yoyote itakayotolewa homa ikirudi nayo itaonekana imeponya. Mgonjwa, ndugu na mhudumu wote wanadanganywa na mwenendo wa ugonjwa wenyewe, bila mtu kufanya uzembe wowote.

Papasi ni nani

Kupe tunaowafahamu kwenye ng'ombe na mbwa hung'ang'ania ngozi kwa siku nyingi, na unaweza kuwakuta mwilini. Papasi naye ni kupe, ila ana tabia nyingine. Mchana hujificha ndani ya nyufa za kuta za udongo, kwenye vumbi la sakafu, kando ya mafiga na chini ya vitanda. Usiku watu wakilala hutambaa, hunyonya damu kwa nusu saa hivi, kisha hurudi ufani. Wengi hawahisi kuumwa. Asubuhi hakuna mdudu mwilini, pengine ni alama ndogo nyekundu tu ambayo hakuna anayeijali. Ndiyo maana kumuuliza mgonjwa "uliumwa na kupe?" hakusaidii. Atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli.

Papasi mkubwa hukaribia urefu wa sentimita moja. Ni bapa, rangi ya udongo, ngozi yake ina mikunjo na chunusi ndogo ndogo, na ukimtazama kwa juu huoni kichwa kwa sababu kiko chini ya mwili. Akishiba hujaa na kuwa mviringo. Anaweza kukaa miaka kadhaa bila kula akimngoja mtu arudi, kwa hiyo nyumba iliyohamwa zamani si salama kwa sababu tu haina watu.

Ndani yake huishi bakteria mwembamba aliyejisokota aitwaye Borrelia duttonii. Jina hilo linatokana na daktari Mwingereza, Joseph Everett Dutton, aliyekuwa akiuchunguza ugonjwa huu Kongo, akaugua homa hiyo hiyo na kufia Kasongo mwezi Februari 1905. Mwaka huo huo Robert Koch alikuwa Afrika Mashariki, akiwachunguza papasi waliojaa kwenye vituo vya kulala vya njia za misafara. Aligundua kwamba papasi jike humpitishia bakteria mtoto wake kupitia yai. Papasi mdogo anaweza kuzaliwa tayari ana ugonjwa bila kuwahi kumnyonya mgonjwa. Huko Kongo wengi wanamjua mdudu huyu, na homa yake, kwa jina la kimputu.

Hesabu siku

Kwa kawaida homa huanza wiki moja hivi baada ya kuumwa, wakati mwingine mapema au kuchelewa kidogo. Huja ghafla, mtu anaweza kukutajia hata saa. Joto hupanda sana, kichwa kinauma, misuli na maungio yanauma, hasa mgongo na miguu, na wengi hutapika. Bandama huweza kuvimba. Wengine macho huwa ya manjano, wengine hutokwa na damu puani. Kila dalili kati ya hizi unaweza kuikuta kwenye malaria, kwa hiyo usihangaike kutafuta ile moja itakayokata shauri. Angalia mpangilio wa siku: homa ya siku 3 hivi, jasho jingi, nafuu ya wiki moja hivi, kisha homa tena. Homa zinazofuata mara nyingi huwa fupi na hafifu kuliko ya kwanza, lakini zinaweza kurudi mara nyingi, hata mara kumi kwa asiyetibiwa.

Homa hurudi kwa sababu ya namna bakteria anavyojikinga. Mwili unapotengeneza kinga dhidi yake, wengi hufa na homa hukatika. Wachache huwa wameshabadilisha protini za ngozi yao ya nje, na kinga iliyotengenezwa haiwatambui. Hao huzaliana kimya kimya kwa siku kadhaa, mpaka wawe wengi wa kutosha kuleta homa nyingine. Wengine hujificha kwenye ubongo na macho. Ndipo unapomwona mtu, baada ya homa ya pili au ya tatu, mdomo umepinda upande mmoja, au shingo imekakamaa, au macho yamekuwa mekundu na yana ukungu. Ukiona mdomo umepinda kwa mtu aliyekuwa akiugua homa za kurudi, mpeleke hospitali na ueleze habari za homa hizo. Asitibiwe mdomo peke yake.

Kwa hiyo chukua kalenda ya ukutani au daftari la mtoto wa shule, uandike siku homa ilipoanza, siku ilipokatika na dawa zilizomezwa. Usitegemee kukumbuka. Mgonjwa akifika mbele ya tabibu akasema "naumwa umwa tangu mwezi uliopita", amesema jambo ambalo tabibu amelisikia mara nyingi asubuhi hiyo. Akisema, "Daktari, homa ilianza tarehe 3 ikaisha tarehe 6, ikarudi tarehe 13, ikaisha tarehe 15, na leo imeanza tena, na tunalala nyumba ya udongo yenye papasi," ameshafanya nusu ya kazi ya uchunguzi. Aliyesafiri ataje alikolala. Mkazi wa mjini aliyekwenda msibani kijijini akalala chini kwenye mkeka wiki mbili zilizopita ana sababu ya kushukiwa kuliko hata mwenyeji, kwani wenyeji watu wazima huwa na kinga kiasi na homa zao huwa nyepesi.

Kipimo ni kile kile cha zamani

Homa hii haihitaji mashine mpya. Bakteria huonekana kwenye slaidi ya damu, ile ile ya tone zito inayotengenezwa kwa ajili ya malaria na kupakwa rangi ya Giemsa. Huonekana kama nyuzi nyembamba zilizojisokota, zikiwa nje ya chembe za damu, tofauti na vimelea vya malaria ambavyo hukaa ndani ya chembe nyekundu. Tatizo ni kwamba zahanati nyingi siku hizi hutumia kipimo cha haraka, kile kibao kidogo cha plastiki chenye mistari. Kipimo hicho ni kizuri na kimeokoa maisha ya wengi, lakini kinatafuta malaria peke yake. Mtu mwenye bakteria wa papasi tele katika damu ataambiwa hana kitu. Zamani, fundi wa maabara aliyekuwa akitafuta malaria aliwaona bakteria hawa njiani. Darubini zilipoanza kukaa bila kazi, nafasi hiyo ilipungua.

Kwa hiyo omba darubini. Sema kwa heshima lakini waziwazi: "Naomba damu yangu iangaliwe kwa darubini, waangalie na homa ya papasi." Mtaje papasi kwa jina, maana fundi anayehesabu vimelea vya malaria anaweza kuzipita nyuzi hizi bila kuzitambua, na huziona upesi akiwa anazitafuta. Kama zahanati haina darubini, uliza kituo cha afya kilicho karibu chenye nayo.

Jambo la pili lina uzito kuliko yote niliyoyataja mpaka sasa. Damu itolewe homa ikiwa juu. Katikati ya homa na homa bakteria ni wachache mno, slaidi itakuwa safi, na mgonjwa atarudi nyumbani na cheti kinachosema hana ugonjwa alio nao. Wengi huenda kupima siku wanapopata nafuu, kwa kuwa ndiyo siku wanayoweza kutembea. Inaeleweka, ila ni siku mbaya ya kupima. Pangeni mapema usafiri na nauli, ili homa ikirudi apelekwe siku ya kwanza au ya pili. Slaidi ikikosa kitu na homa bado ipo, irudiwe kesho yake.

Malaria nayo isisahaulike katika haya yote. Ipimwe kila mara, kwa sababu inaua haraka zaidi, na mtu anaweza kuwa na magonjwa yote mawili kwa wakati mmoja. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, atibiwe malaria. Homa ikirudi baada ya wiki, ndipo slaidi iangaliwe tena kwa jicho jingine.

Dawa, na saa chache za hatari

Dawa inayotumika zaidi ni doksisaiklini. Mtu mzima asiye mjamzito kwa kawaida hupewa miligramu 100 mara mbili kwa siku, kwa siku 7 hadi 10. Tetrasaiklini nayo hufanya kazi. Wajawazito na watoto wadogo hupewa erithromaisini, na kipimo cha mtoto hupangwa na mhudumu kwa uzito wake. Bakteria wakishaingia kwenye ubongo, mgonjwa hulazwa na kuchomwa sindano za seftriaksoni. Dawa hizi zitolewe na mhudumu aliyemwona mgonjwa. Vidonge vitatu vinne vya doksisaiklini vilivyonunuliwa dukani kwa kubahatisha hushusha homa na kuwaacha bakteria waliojificha wakingoja zamu yao.

Doksisaiklini imezwe baada ya kula, kwa glasi nzima ya maji, na mgonjwa asilale papo hapo kwa kuwa kidonge kikikwama huunguza koo. Isimezwe pamoja na dawa ya vidonda vya tumbo ya kutafuna wala vidonge vya kuongeza damu; ziachane kwa saa kadhaa. Juani avae kofia na mikono mirefu, maana ngozi huungua upesi.

Sasa zile saa chache. Dozi ya kwanza ikiua bakteria wengi kwa pamoja, mabaki yao humwagika kwenye damu na mwili hushtuka. Kati ya saa 1 na saa 4 baada ya kumeza, mgonjwa anaweza kutetemeka vibaya, joto likapanda kuliko mwanzo, moyo ukaenda mbio, kisha shinikizo la damu likashuka na akawa hoi. Madaktari huuita mshtuko wa Jarisch na Herxheimer. Ndugu wasiojua husema dawa imemkataa, huiacha, na wengine humkimbiza kwa mganga. Dawa iendelee. Anachohitaji mgonjwa ni kulala, kupewa maji ya kunywa au ya mshipa, dawa ya kushusha homa na mtu wa kumpima mapigo na shinikizo la damu. Mzio wa dawa una sura nyingine: vipele vya kuwasha, midomo na uso kuvimba, kifua kubana. Huo ukitokea, aitwe mhudumu mara moja.

Kwa sababu hiyo naona dozi ya kwanza isimezwe nyumbani usiku. Imezwe kituoni asubuhi, mgonjwa akae hapo saa 4 au zaidi akiangaliwa, halafu arudi nyumbani na dawa zilizobaki. Muuguzi aliyeeleza mapema kwamba "mama, atatetemeka kidogo, msiogope, niiteni" ameokoa dozi nzima.

Mjamzito asisubiri

Homa hii ni kali zaidi kwa wanawake wajawazito na kwa mimba zao. Utafiti wa Tanzania uliochapishwa mwaka 1997 uliwafuatilia wajawazito waliolazwa kwa homa ya papasi, na karibu nusu ya mimba zilipotea, kwa kuharibika au kwa mtoto kufa karibu na kuzaliwa. Bakteria huvuka kondo la nyuma, na mtoto anaweza kuzaliwa akiwa na homa tayari. Mjamzito wa kijiji chenye papasi akipata homa, apimwe malaria na slaidi siku hiyo hiyo. Kwake hakuna habari ya kungoja kuona kama homa itarudi. Alazwe kwa dozi ya kwanza, kwani mshtuko ule unaweza kuanzisha uchungu. Mtoto mchanga mwenye homa, au asiyenyonya, au mwenye macho ya manjano, ambaye mama yake aliugua homa karibu na kujifungua, naye achukuliwe slaidi.

Kwa mtu yeyote, degedege, kuchanganyikiwa, macho ya manjano, kupumua kwa shida, kutokwa damu isiyokoma au kushindwa kusimama ni safari ya hospitali sasa hivi, mchana au usiku.

Homa nyingine ya kupe, isiyoonekana kwa darubini

Wafugaji, wachungaji na wanaopita kwenye majani marefu wana ugonjwa wa pili wa kuufikiria. Huu huletwa na kupe wa kawaida wa mifugo. Mfugaji anamfahamu vizuri kupe anayeleta ndigana kali kwa ndama, na hupeleka ng'ombe josho kwa ajili yake, lakini ni nadra kuambiwa kwamba kupe humpa na yeye homa. Bakteria wake huitwa riketsia. Mgonjwa hupata homa, kichwa kuuma na misuli ya shingo kukaza. Mvueni nguo mumtazame ngozi yote: nyuma ya magoti, kinena, kwapa, mstari wa mkanda, ndani ya nywele. Mnatafuta kidonda kidogo chenye gamba jeusi katikati na wekundu pembeni, ambacho mara nyingi hakiumi. Huweza kuwepo kimoja au kadhaa, na karibu yake mtoki umevimba. Kidonda hicho pamoja na homa kinatosha kumfanya tabibu aanze doksisaiklini, maana slaidi haitamwonyesha kitu na vipimo vya uhakika havipo katika vituo vingi.

Si ugonjwa wa nadra kama tunavyodhani. Watafiti waliowapima wagonjwa 870 waliolazwa na homa katika hospitali mbili za Moshi, mwaka 2007 na 2008, walikuta kwamba 528 waliandikiwa malaria na 14 tu ndio waliokuwa nayo kweli. Kati ya waliopimwa riketsia za aina hii, 8 katika kila 100 walikuwa nazo.

Kupe aliyeng'ang'ania ang'olewe kwa kibano: mshike karibu kabisa na ngozi, vuta polepole bila kuzungusha, kisha osha kwa sabuni. Usimchome kwa moto, usimpake mafuta ya taa, usimpasue kwa kucha. Majimaji ya kupe na ya papasi yana vimelea, na wapo kupe wanaobeba homa ya kutoka damu ya Kongo na Krimea, ambayo imeshatokea Uganda na Kenya.

Nyumba

Ukishatibiwa na kurudi kulala pale pale, kinga uliyopata haitakulinda kwa muda mrefu. Ikague nyumba. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, kwangua vumbi la nyufa za ukuta karibu na kitanda na lile la kando ya mafiga, ulimwage juu ya kitambaa cheupe na kulitandaza. Papasi hujifanya amekufa, kwa hiyo usiondoke haraka. Lipulizie vumbi pumzi ya mdomo na usubiri kidogo. Hewa tunayoitoa humwamsha, naye ataanza kutambaa. Utakaowapata watumbukizwe kwenye maji yanayochemka.

Kinachowamaliza ni kuwanyima nyufa. Sakafu ya saruji na kuta zilizopigwa lipu ndiyo dawa ya kudumu. Asiye na uwezo huo azibe nyufa kwa udongo laini na arudie kila zinapofunguka, aanzie chumba wanacholala watoto na mama mjamzito. Kitanda kiwe na miguu, kikae mbali na ukuta, na chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote bila shuka kuburura chini. Kuku walale banda la nje, kwa sababu papasi huishi kwa damu yao pia. Kupulizia kuta kwa dawa ya lambda-sihalothrini kulijaribiwa mkoani Dodoma, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1998 yalionyesha homa hii ikipungua kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Mkiamua kupulizia, dawa iwekwe na mtu aliyefundishwa, ifike ndani ya nyufa na chini ya vitanda, na vyombo na chakula vitolewe nje kwanza.

Mgonjwa mmoja akithibitika, wote waliolala chumba kile waandikiwe tarehe zao kwenye daftari lile lile kwa wiki tatu, na mhudumu wa afya wa kijiji aambiwe, apite na nyumba za jirani. Atakayepata homa katika siku hizo apelekwe kwenye darubini siku hiyo hiyo, jasho halijamtoka.